Bahari Iliyolala Chini ya Magunia

Njuka wa kidato cha kwanza, na ninyi wa cha pili mnaojifanya wakubwa, sogeeni. Mimi nimestaafu. Msicheke. Najua ndevu sina, na mama yangu bado ananiuliza kama nimenawa miguu kabla ya kulala. Lakini kustaafu siyo umri. Kustaafu ni pale kazi yako inapokufa na wewe ukabaki unapumua. Kwa kipimo hicho mimi ni mzee kuliko babu zenu, na tukikutana kwenye mstari wa uji mnapaswa kuniamkia.

Kazi yangu ilikuwa kutunza bahari.

Ndiyo, hapa hapa Sumbawanga, ambako mtu akitaka kwenda pwani anapanda basi mpaka anasahau alikuwa anaenda wapi. Kile chumba nyuma ya jiko, chenye mlango wa bati, ambacho ninyi mnakijua kama stoo ya mahindi, kilikuwa na bahari ndani. Ilikuwa na ufukwe, vilindi, milima na miamba ya matumbawe. Tulikabidhiwa tuitunze, mimi na mwenzangu Deo, na aliyetukabidhi alituomba kitu kimoja tu: siku akiuliza, aambiwe ipo. Nyie mvua ikinyesha mnakimbilia humo, mnakalia magunia, mnatafuna mahindi ya shule kwa siri, wala hamjui mmekalia nini. Basi leo mtajua. Haitawasaidia kwenye mtihani, lakini mtajua.

Aliyeileta ni Madam Zuhura, mwalimu wa jiografia, mtu wa kisiwa cha Mafia. Alifika kwetu katikati ya baridi, wakati ule upepo wa Ufipa unapokukata masikio kama umekosana nao. Alikuwa amevaa kanga mbili juu ya koti, na soksi ndani ya kandambili. Tulicheka mpaka monita akachoka kuandika majina ya wapiga kelele. Mkononi alishika dumu la njano. Akaliweka mezani polepole kama mtoto aliyelala.

"Nani hapa ameiona bahari?"

Darasa kimya. Na mimi mnavyonijua, kimya kinaniwasha.

"Mimi, Madam. Niliiona kwenye kalenda ya dukani."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa mwezi wa nane."

Darasa likapasuka. Nikasubiri fimbo. Hakuwa nayo. Akasema, "Wewe mwenye kalenda, njoo. Chovya kidole, onja."

Nikachovya. Nyie, sijawahi kuonja kitu kama kile. Chumvi, halafu nyuma ya chumvi kuna uchungu unaokaa kwenye ulimi kama neno baya. Madam akasema, "Hiyo ndiyo yenyewe. Kuanzia leo usimwambie mtu uliiona kwenye kalenda."

Ikawa desturi. Kila njuka, kabla ya kuingia chumba cha bahari, anachovya kidole. Ninyi mmekuja imekwisha. Poleni. Mnaingia sekondari mkiwa na ulimi mkavu.

Siku hiyo hiyo Deo alinyoosha mkono. Deo ni mtoto wa wakulima wa Msanzi, anakaa kwa shangazi yake hapa mjini, na huwa haongei mpaka apate sababu. "Madam, mbona siyo chumvi tu? Mbona kuna uchungu?"

"Swali la kwanza la maana tangu nishuke kwenye basi," akasema Madam. Akatueleza. Chumvi iliyo nyingi baharini ni ile ile ya jikoni, sodiamu na kloridi wameshikana mikono. Lakini wamo na wengine: magnesiamu, ambayo ndiyo yenye uchungu, salfati, kalsiamu, potasiamu. Mvua inatafuna mawe ya milimani kidogo kidogo, mto unabeba, bahari inapokea. Jua likija linachukua maji peke yake. Chumvi haina mabawa, inabaki. Na huko chini kabisa kuna nyufa zinazotapika maji ya moto yenye madini yake, nayo yanaongezea.

"Kama Ziwa Rukwa," akasema Deo. "Mito inaingia, hakuna unaotoka."

"Kama Rukwa hasa. Na Tanganyika je?"

"Tanganyika ina mto unaotoka, upande wa Kongo. Ndiyo maana watu wa Kipili, pale ufukweni, wanakunywa maji yake."

Madam akamtazama kama mtu aliyeokota pete njiani. Tukateuliwa sote wawili: Deo kwa sababu ya kichwa na mikono, mimi kwa sababu, nanukuu, "mtu asiyenyamaza apewe kitu cha kulinda, labda atachoka." Shule nzima ikaniita Nahodha wa Nchi Kavu. Nilijifanya nimechukia.

Sasa sikilizeni ufundi, maana hakuna mwingine atakayewaambia.

Bahari haianzi na maji, inaanza na udongo. Chukua udongo wa kichuguu, siyo wa njiani. Wa njiani ukikauka unapasuka kama kisigino. Ponda, lowesha, kanda siku mbili. Sisi tulizungushia tofali za kuchoma sakafuni, kama boksi la ukubwa wa meza nne za walimu, tukajenga humo. Kipimo chetu kilikuwa pingili ya kidole: pingili moja, kilomita moja ya kina.

Ukitoka ufukweni, kuna sehemu ya kina kifupi inayozunguka bara kama baraza inavyozunguka nyumba. Kwa kipimo chetu kina chake hakizidi unene wa daftari la kurasa mia. Samaki wengi wanaoliwa duniani wanatoka kwenye hiyo baraza. Halafu ghafla mteremko, kama unavyotoka Matai ukashuka kwenda Kasanga kule ziwani: masikio yanaziba, breki zinanuka. Chini ya mteremko kuna tambarare kubwa ya giza, pingili nne na zaidi. Na mahali ambapo sakafu ya bahari inajiingiza chini ya nyingine, kuna mtaro. Ule mrefu kuliko yote kwenda chini unafika pingili kumi na moja. Ziwa letu Tanganyika, ambalo tunajivunia hapa kama kwamba tulilichimba sisi, ni pingili moja na nusu. Nilipopima nilikasirika siku nzima.

Kwa ajili ya zile nyufa za maji ya moto tulihitaji mabomba yanayosimama wima. Deo alikwenda kuangalia tanuru la zamani la kuyeyushia chuma ambalo bado limesimama shambani kwa babu yake, akatengeneza matanuru madogo ya udongo, marefu kama kidole. Madam alipoyaona alishika mdomo. "Deo, hivi ndivyo yalivyo. Huko chini yanafuka moshi mweusi wa madini." Deo akajibu, "Basi na wao huko chini wanafua majembe." Hiyo ndiyo mara pekee namkumbuka Deo akitania, na ilinichoma kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zangu.

Lakini Deo naye alikuja kufanya kituko ambacho angeweza kukifanya Mfipa tu.

Katikati ya bahari kuna safu ndefu ya milima, inazunguka dunia kama mshono wa mpira. Tukamwachia Deo ajenge. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti kitabuni, yeye anasikiliza na kujenga. Na mtoto wa Msanzi akiambiwa "inua udongo, fanya kilima kirefu," mikono yake inajua njia moja tu: ntumba. Mnazijua. Yale matuta yetu: unakata majani, unayafunika kwa udongo yaoze ndani, mwakani unatawanya unapanda ulezi. Deo akajenga mlima wa katikati ya bahari kama ntumba, na majani mabichi ndani yake, bila hata kufikiri. Akasawazisha vizuri, akaondoka zake.

Wiki chache baadaye tunafungua mlango, chumba kinanuka zizi. Mlima umezama katikati, kileleni pana bonde kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na pembeni yameota maharage mawili, kwa sababu huwezi kumzuia Mfipa.

"Deo, umepanda maharage katikati ya bahari."

"Sikupanda. Yalikuwa kwenye udongo."

"Sasa Madam atatuua."

Madam alikuja, akainama, akalichungulia lile bonde. Kisha akacheka mpaka akakaa chini sakafuni na gauni lake. Kumbe milima ile, huko halisi, ina bonde juu ya kilele chake. Sakafu ya bahari inavutwa huku na huku, katikati panaachia, moto unapanda kutoka chini na kutengeneza sakafu mpya. Sisi tulikuwa tumejenga bila bonde, kitabu chetu kilikuwa na picha mbaya, na majani ya Deo yakaoza mahali pale pale palipotakiwa. "Bonde la ufa," akasema. "Ndugu wa hili lenu la Rukwa na Tanganyika." Maharage akayang'oa mwenyewe, akampelekea Mama Kasheka, mpishi wetu.

Nawaambia haya ili mjue kulikuwa na siku nzuri. Zilikuwa chache na zimekwisha.

Mwamba wa matumbawe ndio uliokuwa kazi yake mwenyewe Madam. Hakuturuhusu kuugusa. Alikusanya maganda ya mayai kutoka kwa wauza chipsi, akayasaga, akachanganya na chokaa, akawa anajenga matawi kwa kijiti cha kiberiti. Alisema tumbawe siyo jiwe wala siyo mmea, ni mnyama, mdogo kama punje ya ulezi. Anachota kalsiamu kwenye maji, anajijengea nyumba ya chokaa, anakufa, mwenzake anajenga juu. Ndani ya mwili wake amepangisha mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mimea inapata makazi, inalipa kodi kwa chakula inachotengeneza kwa jua. Ndiyo maana mwamba unataka maji safi, ya kina kifupi, yenye joto na chumvi. Tope likija linaziba jua. Maji yakizidi joto kidogo tu, mnyama anawafukuza wapangaji wake, anabaki mweupe, na asipowarudisha mapema anakufa njaa.

"Kwetu upande mmoja umekuwa mweupe," akasema, bado anachonga. "Mama yangu alikuwa anavua pweza pale. Sasa anasema ni kama kutembea makaburini."

Nilitaka kutania. Nilikuwa na mzaha kabisa, mdomoni. Nikaumeza.

Mvua ilipokuwa inanyesha, chumba kile hakina dari, bati lilipiga kelele mpaka husikii mtu wa pembeni. Sisi tulikuwa tunashangilia, kipindi kimekufa. Madam alikuwa anaenda dirishani, anafumba macho, anasimama hivyo hivyo mpaka mvua ipungue. Tulidhani anasali.

Kisha mama yake akapooza upande mmoja, na Madam akaomba uhamisho akamuuguze. Siku ya kuondoka alitukabidhi ufunguo na dumu. Nikamwambia, "Madam, bahari yenyewe imebaki nusu, watu wameionja." Akasema, "Maji ya kifuu bahari ya chungu," akaona tunamtumbulia macho, akatufafanulia kwamba chungu ni sisimizi, siyo cha kupikia. "Kwa sisimizi, maji yaliyo kwenye kifuu cha nazi ni bahari. Hayo yaliyobaki yanawatosha. Itunzeni tu. Nitapiga simu kuuliza kama ipo. Sitaki kitu kingine."

"Itakuwepo, Madam," nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayeahidi kurudisha kalamu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutaka kusaidia. Dumu lilipopungua sana tuliamua kuongeza. Ufundi mnaotakiwa kuujua ni huu: lita moja ya maji, gramu thelathini na tano za chumvi, yaani vijiko viwili vikubwa vya chakula. Ungeishia hapo, ungepata kitu kinachofanana. Lakini sisi wajuaji. Tukasema, chumvi ya dukani imetoka kiwandani, haina uchungu. Deo akasema magadi ya sokoni ni chumvi ya ziwani, haijaguswa na mtu, basi yako karibu zaidi na bahari. Tulisikia ni hoja. Tukatia magadi, yale yale mama zenu wanayotia kwenye maharage yalainike.

Maji yakageuka maziwa. Hapo hapo, mbele ya macho yetu. Kesho yake yakawa yametulia, chini kumelala unga mweupe, na maji yakishikwa yanateleza kama sabuni.

Nilimtafuta Madam kwa simu ya mama. Akasikiliza. Akasema magadi ni kaboneti. Imekwenda ikaishika kalsiamu yote iliyokuwamo, wameangukia chini pamoja wakawa chokaa. "Ni kile kile tumbawe anachojengea, Gaspari. Yeye anakitoa taratibu, maisha yake yote. Ninyi mmekitoa kwa kijiko."

"Sasa tumbawe likiwekwa humo?"

"Litakufa."

"Lakini bahari bado ipo, Madam?"

"Chini kule je? Udongo, mwamba?"

"Vipo, Madam. Vipo kabisa."

"Basi ipo."

Nilishika hilo neno. Maji yameharibika, lakini mwamba upo, basi ipo. Nikawa naingia kila siku kupangusa vumbi kwa bawa la kuku.

Masika yaliyofuata bati lilivuja. Lilikuwa limetoboka zamani, lakini tundu lilikuwa juu ya kona isiyo na kitu; upepo ukalisogeza bati, tundu likaja juu ya bara. Mvua ilikuja mchana, tuko kwenye mtihani wa majaribio. Mimi na Deo tulitazamana. Msimamizi akasema anayetoka amemaliza. Tukabaki. Nilikuwa naandika kuhusu mikondo ya bahari, kwa Kiingereza cha kuombea maji, na bahari yangu inanyeshewa hatua chache kutoka hapo.

Tulipofungua mlango, nyie, kwa mara ya kwanza bahari ilikuwa na maji. Yalikuwa yamejaa mpaka ufukweni, barazani kumefunikwa vizuri, vilele vya visiwa vimechomoza. Kwa muda mfupi ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha Deo akaonyesha kidole. Udongo wa bara ulikuwa umelowa, ukaachia. Tope zito likapita juu ya baraza, likaporomoka kwenye mteremko kama ng'ombe wanaoteremka kunywa maji, likachimba korongo refu lenye matawi mpaka tambarare ya chini, na huko likajitandaza kama kanga.

Mjue hiyo siyo ajali ya chumba chetu tu. Baharini kweli kuna makorongo chini ya maji, makubwa kuliko ya mito ya nchi kavu, na yanachimbwa hivyo hivyo na tope linaloporomoka. Tulikuwa tumesoma sentensi hiyo mara nyingi bila kuielewa. Siku hiyo tuliielewa. Ilitugharimu mwamba: tope lilipita juu ya matumbawe ya Madam, na maganda ya mayai yakazama humo kama meno.

Deo alikaa siku kadhaa anayafukua kwa kijiti cha kiberiti, tawi moja moja. Mimi nilikuwa nashika taa ya simu na kusema maneno ya kijinga ili asilie. Tuliokoa kidogo, kama kiganja. Nikasema, kiganja ni mwamba. Ipo.

Halafu yakaja mahindi.

Msimchukie Mkuu wa Shule. Nimejaribu, haikufaa. Wazazi walikuwa wamechanga mahindi ya chakula cha mchana, magunia yakarundikwa kwenye korido, panya wanafanya harusi humo, mvua inapiga kutokea ubavuni. Chumba cha bahari kilikuwa ndicho pekee kisicho na madawati. Mkuu alituita.

"Gaspari, nimepata mafundi wa kuziba bati. Likizibwa, mahindi yanaingia."

"Mkuu, bahari je?"

"Mwanangu, wewe unataka kula jiografia?"

Nilimwomba. Akasema kuna mgeni anakuja kutoka halmashauri kukagua majengo. Mgeni akisema chumba kina faida, kitabaki, na yeye Mkuu atatafuta pa kuweka mahindi hata ofisini kwake. Tulisikia wote. Ilikuwa nafasi ya haki kabisa.

Tulifanya kazi kama wendawazimu. Tulikanda udongo upya, tukafukia korongo, tukainua bara, Deo akajenga mlima na safari hii hakuweka majani. Lakini mwamba ulikuwa kiganja. Mimi nikawaza, mgeni atakuja, ataona kiganja cha maganda ya mayai, ataona nini? Nikaenda sokoni, nikarudi na migebuka wakavu watatu, nikawapanga juu ya mwamba kama wanaogelea.

"Gaspari, hao ni wa ziwani," akasema Deo.

"Samaki ni samaki. Nani atajua?"

Mgeni aliingia, mzee mpole, koti kubwa, kofia mkononi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu." Akazunguka taratibu. Nikamweleza baraza, mteremko, mtaro, matanuru. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikaona anapendezwa, nyie, nikaona kabisa. Kisha akafika kwenye mwamba, akainama, akanusa.

"Hawa nawajua," akasema. "Mimi mzaliwa wa Kipili. Hawa wamefikaje Bahari ya Hindi?"

Nikasema, "Wamehamishwa, mzee. Kama walimu."

Akacheka. Mkuu akacheka. Hata Deo akatabasamu. Wakati wanacheka nilijua kwamba nimeshindwa, kwa sababu kilichobaki kichwani mwake ni migebuka. Akajifuta machozi, akauliza kwa upole kabisa: "Sasa, wanangu, hii inawasaidia nini?"

Na mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, nikainama kuwanyoosha migebuka mikia. Hata mzaha haukuja.

Deo akasema, "Inatusaidia kujua, mzee."

"Kujua nini?"

"Kwamba chini kule kuna milima. Na kwamba kuna wanyama wadogo wanaojenga miamba."

Mzee akamtazama Deo. Akatazama nje, koridoni, kwenye magunia, gunia moja limepasuka na kuku wa mlinzi wanadonoa. Akaguna. "Ni kweli," akasema. "Lakini mahindi yataoza." Akavaa kofia.

Mkuu aliagiza pasawazishwe, magunia hayakai juu ya milima. Nani ana mkono mzuri wa jembe? Deo. Alifanya mwenyewe, hakutaka mtu mwingine. Alishusha mlima wa kati ukajaza mtaro, akaburuta bara likafunika tambarare, akapigapiga kwa bapa la jembe mpaka pakawa sawa kama kitanda kilichotandikwa. Udongo uliozidi, ule mweusi wenye majani yake ya zamani, akaubeba kwenye bustani ya shule. Kabichi mnazopalilia mkipewa adhabu zimeota kwenye mlima wa katikati ya bahari. Palilieni kwa adabu.

Matumbawe aliyatia kwenye boksi la chaki. Tuliliacha dirishani. Mtu alidhani ni chaki zilizovunjika, akatupa.

Na maji? Dumu nililiweka nje ya jiko wakati wa kubeba magunia. Siku hiyo mchana makande yaliiva mapema, kengele ya chakula ikalia kabla ya wakati, watu wanashangilia. Nilipofika mbele ya mstari nikaona dumu la njano limelala chali, tupu.

"Mama Kasheka, hayo maji yaliyokuwa humu?"

"Si maji ya magadi yale? Nimetia kwenye maharage. Yamelainika haraka hayo, we acha. Nani aliyatengeneza?"

Nilipokea sahani yangu, nikakaa karibu na Deo. Shule nzima inakula. Deo alikuwa ameshaona dumu. Alitafuna, akameza.

"Yamepooza," akasema. "Yanataka chumvi."

Madam alipiga Jumapili, tumetoka misa, kwenye simu ya mama yangu. Niliitazama ikiita mpaka mama akanisukuma: "Pokea, ni mwalimu wako, au una deni lake?"

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Gaspari. Mama amefariki, nimeshamzika. Nimekaa tu hapa nje. Nikasema niwaulize. Bahari yangu ipo?"

Nilikuwa nimeandaa. Kiganja ni mwamba, basi ipo; nilikuwa na nyingine nyingi za namna hiyo. Mdomo ukafunguka, nikasema, "Pole sana, Madam. Haipo."

Nikamweleza yote, bati, mahindi, migebuka, makande. Kwenye makande nilimsikia anaanza kucheka, halafu kicheko kikaenda mahali pengine. Tukakaa hivyo. Nyuma yake kulikuwa na kelele, nzito, inakuja inapungua, inakuja tena. Ili niseme kitu nikauliza, "Huko kunanyesha, Madam?"

"Hapana. Jua kali."

"Mbona nasikia mvua kwenye bati?"

"Ndiyo yenyewe hiyo, Gaspari. Mawimbi yanavunjikia kule nje kwenye mwamba. Uliobaki."

Miaka yote ile nilijua chumvi yake, kina chake, mitaro yake, na hakuna siku niliyojiuliza inatoa sauti gani. Nikaziba sikio lingine kwa kidole. Alinishikia simu kuelekea huko mpaka salio likaisha.

Basi, njuka, kazi niliyostaafu haipo, na sina cha kuwarithisha. Ila mvua zikija, mko darasani, bati likaanza kupiga kelele na mwalimu akakata tamaa akakaa, msishangilie. Fumbeni macho. Na atakayeongea, mpigeni kofi moja kwa niaba yangu.